Mtungi wa Nne

Mitungi mitatu ya chuma ilikuwa imesimama sebuleni kwa Dauda, kati ya kochi na televisheni, na kila mmoja ulikuwa umevishwa kofia ya kufuma. Mbili zilikuwa za waridi, moja ya kijani. Kila kofia ilikuwa na tundu juu la kutokezea koki, kisha ikashuka mpaka chini ya mabega ya mtungi na kuishia kwa maua na utepe uliofungwa fundo. Sajini Hyasinta aliitazama kwa muda. Halafu akatazama kochi, redio, jagi la maji na televisheni yenyewe, akaona kwamba katika nyumba hii hakuna kitu kilichoachwa bila nguo.

Zulfa, mke wa Dauda, aliona anakotazama. "Mgeni akiingia akakuta chuma kitupu atasema nini, dada?"

Hyasinta alikubali kwamba mgeni angeweza kusema mengi. Alikuwa mpelelezi wa kituo cha Karatu, mwanamke wa sauti ndogo, na wenzake walimtania kwamba watuhumiwa wake hukiri makosa kwa kuchoka kuinama ili wamsikie. Aliketi pale alipoonyeshwa, akamwomba Dauda aanze mwanzo.

Dauda alikuwa mzamiaji pekee wa Karatu. Watu walikuwa wamemuuliza sana mzamiaji anakula nini katika mji ulio juu ya mlima, wakiwemo wakwe zake. Lakini mahoteli yana mabwawa, mashamba ya kahawa yana malambo, pampu huzama, na mtu wa kushuka chini kuona kuna nini alikuwa yeye tu. Alikuja kutoka Tanga na mitungi minne ya zamani aliyoinunua pamoja kwenye duka la kuzamia lililokuwa linafungwa. Ilikuwa mapacha wanne, na yote aliipaka rangi ya bluu kwa mkono wake.

Sasa wakulima wa upande wa Endamarariek walikuwa na bwawa ambalo lango lake la chini limeziba. Maji yamejaa juu, miche ya vitunguu inakauka chini, na wamempa Dauda kazi ya kulizibua kesho, Jumamosi. Sharti lao lilikuwa moja: mitungi ile ya kizee ikapimwe kwanza kwa presha na kugongwa muhuri mpya. Dauda hakulikataa. Alieleza kwamba mtungi wa chuma haufi nje, hufia ndani. Unyevu ukiingia hufanya kutu, kutu inakula chuma polepole, na inakula hata hewa iliyomo, mpaka mtu aliye chini ya maji anavuta kitu ambacho si hewa tena. Ubaya mwingine ni wakati wa kuujaza.

"Ukipasuka, afande, hatutaulizana nani alikuwa amesimama karibu. Tutaulizana nani amebaki."

Kwa hiyo alipakia yote minne kwenye lori la mzee Josephati kwenda Arusha, kwa fundi mmoja wa kupima aitwaye Sadiki. Wiki iliyopita ikarudi. Dauda hakuwepo. Zulfa alisema lori halikuzima hata injini, utingo aliteremsha mitungi, akasema Mungu awabariki, wakaondoka na mzigo wa saruji kwenda Loliondo. Yeye alianza kuivalisha. Alipomaliza wa tatu aligeuka kuchukua wa nne, akakuta hakuna wa nne.

Alinyoosha mkono mezani akaleta kofia ya njano. Hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi wote wa wizi.

Hyasinta aliipokea kwa heshima, akaigeuza ndani na nje, akairudisha. Aliuliza kama wamewasiliana na watu wawili walioshika mitungi. Dauda alikuwa amempigia Sadiki, naye akajibu kwa ukali kwamba mitungi minne imetoka mlangoni kwake, na kama mtu anadhani yeye anakula chuma aje amkague meno. Josephati hakupatikana. Kule alikokwenda mtandao hauendi.

"Na kesho utazama na mitatu?"

"Kazi inataka mitatu," Dauda alisema. "Wa kwanza nashuka kuona. Wa pili nafanya kazi. Wa tatu ni wa kurudi."

"Umeitazama mihuri mipya?"

Dauda alisita, akamtazama mkewe, akasema ameipapasa kwa kidole chini ya kofia, na mihuri ipo. Kufungua zile tepe kulikuwa na utaratibu wake. Kabla ya sala ya Ijumaa angeipeleka yote kwa Omary, mwenye karakana ya kuchomelea, ambako kompresa yake ya hewa inakaa kwa sababu ya umeme. Ingejazwa leo leo, baada ya sala.

Hyasinta alisema vyema, akaaga.

*

Katika Karatu chuma kikipotea, mtu wa kwanza kutembelewa ni Ngoyai, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa ameshazoea. Alipoona pikipiki ya polisi inaingia alimletea Hyasinta kigoda kabla hajashuka, akasimama mbele ya turubai moja kubwa pembeni ya ua, akiwa ameweka mikono nyuma.

Hyasinta alimsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za biashara. Zote zilikuwa njema.

"Kuna nini chini ya turubai?"

"Chuma, afande."

"Chuma gani?"

"Cha bluu."

"Cha umbo gani, Ngoyai?"

Ngoyai alifikiri. "Cha mviringo. Kirefu kidogo."

Hyasinta aliinuka, akaliendea turubai, akalifunua upande mmoja. Chini yake kulikuwa na tangi la bluu la kuchemshia maji, la kutoka hoteli fulani, limelazwa ubavu na kutobolewa mdomo mpana. Ndani yake kulikuwa na kuku mwekundu amelalia mayai. Kuku alimtazama Hyasinta bila kupepesa.

Ngoyai alieleza kwa aibu kwamba amekwisha kulinunua tangi kihalali na risiti ipo, ila mnunuzi wa Arusha amekuja kulichukua mara mbili na yeye anamficha. Mkewe amesema haliondoki mpaka vifaranga vitoke. Kuhusu mtungi wa hewa, yeye hangeugusa hata akipewa na nyongeza. Chuma kilichofungwa hakinunuliwi na mtu mwenye akili, kwa sababu hujui kimemeza nini. Shemeji yake aliwahi kukata mtungi kwa moto wa gesi akidhani ni mtupu. Paa lilipatikana, lakini kwa jirani.

"Basi muulize mwenye lori," alimalizia. "Nilimwona jana jioni anapita, amerudi."

Hyasinta alimshukuru, akashusha turubai taratibu ili asimsumbue kuku, akarudi kwenye kigoda. Josephati alipopigiwa bado hakupatikana. Akampigia Sadiki.

Alikuwa amefikiria swali njiani. Dauda alimuuliza fundi ni mitungi mingapi imetoka, na mtu ukimuuliza kama mwizi atakujibu kama mtu aliyeitwa mwizi. Hyasinta alijitambulisha, akaomba radhi kwa kumkatiza kazi, akasema yeye hajui lolote kuhusu kupima mitungi na angependa kuelezwa.

Sadiki alilainika palepale. Alieleza kwamba kwanza anautazama mtungi ndani kwa taa. Kisha anaujaza maji, anauzamisha katika chombo kingine chenye maji, anausukumia presha kubwa kuliko ile utakayobeba kazini. Chuma kinavimba. Kuvimba si kosa. Kosa ni kutorudi.

"Ni kama mtu aliyekwenda harusini, afande. Akila pilau analegeza mkanda, hakuna wa kumlaumu. Lakini kesho yake mkanda lazima urudi kwenye tundu lake. Usiporudi, hiyo si shibe tena, huyo ni mgonjwa."

"Na ya Dauda, mingapi ilirudi kwenye tundu lake?"

Mitatu, alisema Sadiki. Mitatu aliigonga muhuri wa mwezi huu. Wa nne uligoma, na yeye alishaujua hata kabla ya maji, kwa sababu aliugonga kwa spana. Mtungi mzima huimba. Ule ulijibu kama gunia la mahindi. Alitaka kuutoboa tundu ili mtu asije akaujaza, ndivyo afanyavyo kwa mitungi iliyokufa, lakini mali ni ya mtu na mwenyewe hakuwepo. Basi akauchora alama ya chaki, akamwambia dereva kwamba huu hauna kazi tena duniani, labda wakautundike kanisani uwe kengele. Dereva alifurahi sana. Sadiki alidhani dereva atamweleza Dauda.

Hyasinta alisema bila shaka dereva naye alidhani fundi atampigia mwenye mali. Sadiki alifikiri, akasema inawezekana.

Njiani Hyasinta alimkuta Dauda amevaa kanzu, yuko langoni kwa Omary anashusha mitungi kutoka kwenye bajaji kabla ya kwenda msikitini. Alimpa habari. Dauda alisikitika kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake amekufa, halafu akafurahi: kumbe mwizi hayupo, na kilichopotea ni kile kibovu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Hyasinta, akasema Zulfa ataifumua ile kofia ya njano atengeneze kitu kingine. Mkuu wa upelelezi naye, aliposikia kwa simu, alisema faili lifungwe, na kuna ng'ombe sita walioibwa Mbulumbulu wanaomhitaji mpelelezi zaidi.

Hyasinta aliomba jambo moja. Faili la mali iliyopotea halifungwi mpaka mali ionekane. Angekwenda Endamarariek, kwenye kanisa la mzee Josephati, kuutazama mtungi uliokufa kwa macho yake, kisha angekwenda kwa ng'ombe.

*

Alikuwa bado hajafika kigangoni, kwenye kanisa hilo dogo, aliposikia kengele ya saa sita.

Alisimamisha pikipiki. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walisimama pia, wakafanya ishara ya msalaba, na ng'ambo ya korongo mtu aliyekuwa analima aliweka jembe chini. Sauti ilikuwa nyembamba, safi, ndefu. Kila pigo lilikaa hewani mpaka likafuatwa na jingine. Hyasinta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawasha pikipiki akaenda kwa mwendo zaidi ya ule aliokuja nao.

Mzee Josephati, dereva, ndiye pia mwenyekiti wa kigango. Alikuwa amesimama chini ya mgunga mbele ya kanisa, mkononi ana kipande cha mti mgumu, uso wake unang'aa. Juu ya kichwa chake mtungi wa bluu ulining'inia kwa mnyororo kutoka kwenye tawi, umefungwa shingoni. Hyasinta alimpa shikamoo. Josephati aliipokea, wakajuliana hali kwa Kiiraqw mpaka walipogundua kwamba mama yake Hyasinta na mke wa Josephati wanatoka bonde moja upande wa Mbulu, jambo lililochukua muda. Mama mmoja mwanakwaya, Angelina, alileta maziwa. Hyasinta alikunywa. Macho yake hayakutoka juu.

"Kengele nzuri, mzee."

Josephati alisema hata yeye alishangaa. Miaka yote walikuwa wakigonga rimu ya gurudumu la lori, na rimu ilishapasuka, ikilia unadhani mtu ameangusha sufuria. Watu wa ng'ambo walikuwa na kisingizio cha kuchelewa misa. Sasa hawana. Angelina aliongeza kwamba mumewe, ambaye alikuwa haisikii kengele kwa miaka kumi na saba, Jumapili iliyopita aliisikia, na amekasirika mpaka leo. Padre mwenyewe alipita akaibariki kwa maji ya baraka, ikapewa jina la Sesilia.

"Ni ile ambayo fundi wa Arusha alisema imekufa?"

"Ndiyo hiyo. Alisema tuitundike kanisani."

"Uliitambuaje, mzee? Zote ni bluu."

Josephati alicheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto jua linatokea wapi. Fundi alikuwa ameweka alama ya chaki, alisema. Lakini mvua iliwapata Mto wa Mbu, na mifuko ya saruji ilisugua mitungi njia nzima ya mlimani, na walipofika juu hakukuwa na chaki wala dalili ya chaki. Hapo mtu mwingine angechanganyikiwa. Yeye hakuchanganyikiwa. Alisimamisha lori, akashika spana, akaigonga mmoja mmoja. Miwili ilitoa sauti ya kawaida. Mmoja haukutoa sauti yoyote ya maana. Mmoja uliimba.

"Nikajua ni huu. Nikauleta hapa kwanza, ndipo nikaenda Loliondo. Hiyo mingine ingefaa kanisani kweli, mwanangu? Hasa ule uliokuwa kama gogo. Huo tukamrudishia Dauda, yeye anautumia majini, sauti haimhusu."

Hyasinta aliweka kikombe chini. Aliomba ngazi. Angelina alileta kigoda, na juu ya kigoda akaweka kreti ya soda, na Hyasinta akapanda, Josephati amemshika miguu kwa tahadhari ya mzee anayemshika askari. Kwenye bega la mtungi palikuwa na safu ya mihuri, ya miaka na miaka, yote imefunikwa rangi. Wa mwisho haukuwa na rangi. Ulikuwa unang'aa, wa mwezi huu.

Mtungi uliopita mtihani ulikuwa hapa, una jina la mtakatifu. Ule uliokufa ulikuwa Karatu, umevaa kofia.

Alishuka, akaangalia simu. Haikuwa na mtandao hata kidogo. Angelina alimwonyesha jiwe lililo nyuma ya kanisa ambalo mtandao hukaa, lakini juu ya jiwe alikuwapo bibi mmoja anayezungumza na mkwewe wa Babati kuhusu mahari, na mazungumzo yalikuwa yamefika pagumu. Hyasinta alimwomba radhi, akamwomba tena. Mara ya tatu alimwambia kwa sauti ileile ndogo kwamba kuna mtu anaweza kufa. Bibi alimwambia mkwe asubiri, akasogea upande mmoja wa jiwe bila kukata simu.

Simu ya Dauda ilikuwa imezimwa; alikuwa msikitini, na mtu mwenye adabu huzima. Simu ya Omary iliita mpaka ikachoka.

"Ishushe hiyo kengele, mzee, twende nayo."

Josephati alirudi hatua moja akaukumbatia mti. Kengele iliyobarikiwa haishushwi na mtu mmoja, alisema. Kuna kamati. Lakini aliposikia habari yenyewe, kwamba gogo lile huenda sasa hivi linajazwa presha, alivua kofia yake, na bila kuambiwa akapanda nyuma ya pikipiki.

*

Sala ilikuwa imekwisha zamani walipofika mjini. Walisikia kompresa kabla ya kuiona karakana ya Omary. Ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta, na juu ya mngurumo huo vijana wa kuchomelea walikuwa wanakata vyuma, na juu ya hao redio ilikuwa inatangaza mpira.

Dauda alikuwa ameinama, kanzu ameikunja kiunoni, masikio ameyaziba kwa vizibo vikubwa vya plastiki. Mitungi miwili ilikuwa imejazwa tayari, imesimama pembeni na kofia zake za waridi. Wa tatu ulikuwa ndani ya pipa la maji ya kupozea, umeunganishwa na mpira wa hewa, na kofia ya kijani imelowa inaelea pembeni mwa shingo kama majani ya mchicha. Omary alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando kabisa ya pipa, anakula muwa.

Hyasinta aliita. Hakuna aliyemsikia, na hiyo haikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuita tena. Alipita nyuma ya Josephati, akaingia ndani ya karakana, akatafuta kisanduku cha umeme ukutani, akavuta swichi kuu chini.

Kila kitu kilinyamaza. Vijana waliinua barakoa zao. Redio ilikatika mpira ukiwa golini, na kutoka duka la jirani, lililokuwa limeunganisha waya wake hapo bila kumwambia mtu, mteja wa kinyozi aliuliza kwa sauti kama sasa atatembea na nusu kichwa.

"Nani kazima?" Omary alisema.

"Mimi. Omary, inuka hapo, pitia huku, usikimbie. Bwana Dauda, toa hivyo vizibo."

Alisema kwa upole kiasi kwamba waliinuka kwanza, na kuogopa wakaogopa baadaye. Alimwambia Dauda lililotokea, kwa maneno machache. Dauda aligeuka akatazama geji ya kompresa. Sindano ilikuwa imeshavuka nusu.

Alijua la kufanya, na hakumruhusu mtu mwingine. Aliwasogeza wote nyuma ya ukuta wa matofali, akatambaa mpaka kwenye kompresa, ambako mwisho wa pili wa mpira ulikuwa na koki ya kupunguzia, akaifungua kidogo sana. Hewa ilianza kutoka kwa mluzi mwembamba. Ilitoka kwa muda mrefu. Nyuma ya ukuta Josephati alikuwa anasali rozari na Omary anasoma dua, kila mmoja kwa sauti ya chini, na wakawa wanapishana vizuri bila kugongana.

Mluzi ulipokwisha, Dauda aliutoa mtungi kwenye pipa. Alifungua utepe uliolowa kwa meno. Chini ya kofia kulikuwa na mihuri mingi, yote ya zamani, yote ya bluu. Kidole chake kilikuwa kimesema kweli, ila kidole hakisomi miaka. Akaifungua koki kwa spana, akaupindua mtungi juu ya sakafu. Kwanza hakikutoka kitu. Alipoupigapiga makalio ulimwagika unga wa rangi ya ugoro, ukafuatwa na magamba ya kutu makubwa kama ukucha.

Dauda aliyatazama. Akaketi chini, juu ya kanzu nyeupe ya Ijumaa, penye mafuta na vumbi la chuma, na hakuna aliyemkumbusha habari ya kanzu.

"Huu ndio niliokuwa nimeuweka wa kurudi," alisema.

Hyasinta alimwomba Omary arudishe umeme na alete drili. Omary alitoboa tundu ubavuni mwa mtungi pale pale, mbele ya mwenyewe, na kinyozi ng'ambo alishangilia kurudi kwa umeme akidhani wanamfurahisha yeye.

Halafu wakahesabu, na hesabu haikuwa ngumu. Mitungi mizima miwili ilikuwa hapa. Wa tatu ulikuwa juu ya mgunga Endamarariek. Dauda alisema bila wa tatu hashuki. Watoto wake ni wadogo na miche ya vitunguu ingemsamehe. Lakini wakulima walikuwa wamemwambia wazi kwamba asipokuja kesho watavunja lango kwa baruti, na wakivunja lango bwawa lote linakwenda, na yeye hataitwa tena na mtu yeyote kutoka huku mpaka Mbulu.

Wote walimtazama Josephati.

Josephati alisema linamuuma sana, lakini Sesilia amebarikiwa, na kitu kilichobarikiwa hakiwezi kuvuliwa kikavalishwa mgongoni mwa mtu kikatumbukizwa kwenye tope bila kamati ya kigango kukaa. Kamati ingekaa Jumapili baada ya misa. Tena Dauda, bila kumvunjia heshima, ni Mwislamu.

Hyasinta alisubiri mpaka alipomaliza.

"Mzee, mtungi ni wa Dauda. Mimi asubuhi nilifungua faili la wizi, na mkuu wangu ameniambia nilifunge leo. Bado sijaandika nilifunge kwa namna gani."

Josephati alitafakari. Aliomba dakika moja. Alitoka, akasimama peke yake chini ya upenu, akawapa mgongo. Walimwona akiinamisha kichwa, akikiinua, akitikisa kidole mara moja kama mtu anayemkatalia mjumbe mbishi, kisha akarudi.

"Kamati imekaa," alisema. "Imekubali. Ila inaomba irudishwe jioni, maana watu wameshazoea kuitwa."

Dauda alisema atairudisha, na baada ya kazi hii akinunua mitungi mipya, wataongea. Hyasinta alimpigia Sadiki kwa mara ya pili siku hiyo. Sadiki aliuliza swali moja tu, wameupiga na nini. Josephati aliitwa kwenye simu, akajibu kwa fahari kwamba ni mti wa mgunga. Chuma kwa chuma alikikataza tangu ulipotundikwa, kwa ajili ya rangi. Sadiki aliagiza mtungi upapaswe wote kwa kiganja na utazamwe juani, na kama hauna hata bonde dogo, ujazwe. Uliposhushwa jioni ile, haukuwa na bonde.

*

Jumamosi asubuhi wakulima walikuwa upande mmoja wa ukingo wa bwawa, na kigango kizima kilikuwa upande wa pili. Wakulima walikuja kwa ajili ya maji. Kigango kilikuja kulinda mali yake, na kwaya ilikuja kwa sababu kigango kimekuja. Zulfa alikuwa ameketi mbele na thermosi, hasemi na mtu.

Dauda alishuka na mtungi wa kwanza, akarudi, akasema ni kisiki na tope. Akashuka na wa pili na msumeno. Alikaa huko mpaka mapovu yakaanza kupungua na watu wakaacha kuzungumza, kisha akachomoza, akaeleza kwa pumzi fupi kwamba kisiki kimekatwa ila bado kinang'ang'ania, na itabidi akivute kwa kamba kutoka chini. Akauvaa wa tatu. Josephati aliufunga mikanda yeye mwenyewe.

Maji yalimfunika. Hyasinta alisimama karibu na Zulfa. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena, na kule ng'ambo ya ukingo, chini kabisa, kitu kilikohoa ndani ya bomba. Yakatoka matope kwanza, halafu maji meusi, halafu maji. Wakulima walikimbia kuteremka kuyafuata mferejini wakiwa na majembe, na kwa muda upande wao wa ukingo ukabaki mtupu kabisa.

Upande wa kigango hakuna aliyeondoka. Walikuwa wanatazama mapovu, na mapovu yalikuwa yanasogea polepole kuelekea kwao.

Dauda alitoka kwenye matete akiwa mweusi wa tope mpaka kwenye nyusi, akapiga magoti ufukweni, akavua kinywa cha hewa, akavuta pumzi ya nje. Zulfa alikuwa ameshainuka, lakini Josephati alikuwa karibu zaidi, akawahi. Aliinama nyuma ya Dauda, akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaridhika. Ndipo akazunguka mbele akampa mkono, akamuuliza habari za huko chini.